Wema usiobisha hodi: maisha na riwaya za Magda Szabó

Mwaka 1949, jijini Budapest, mshairi wa miaka 31 alitunukiwa Tuzo ya Baumgarten, mojawapo ya heshima kubwa alizoweza kupata mwandishi wa Hungaria zama hizo. Siku hiyohiyo akanyang'anywa. Mwaka haukuisha kabla hajafutwa kazi wizarani, na kwa karibu miaka kumi hakuna mchapishaji aliyetoa riwaya wala diwani yenye jina lake. Mshairi huyo ni Magda Szabó.

Waliomfungia hawakuhitaji hoja ndefu. Chama cha Kikomunisti, kilichokuwa kimeshika dola chini ya Mátyás Rákosi, kiliwagawa waandishi mafungu mawili: wanaofaa kuwaelimisha wafanyakazi na wakulima, na masalia ya tabaka la mabwana. Szabó alikuwa binti wa familia ya wasomi, Mkalvini, mwalimu wa Kilatini, na mashairi yake yalichungulia ndani ya nafsi badala ya kusifu viwanda vya chuma. Akaangukia fungu la pili. Mumewe Tibor Szobotka, mwandishi na mjuzi wa fasihi ya Kiingereza, naye akaondolewa kazini redioni.

Leo riwaya za mama huyu zinasomwa kwa lugha zaidi ya 30, na nchini mwake ni nadra kumpata mtu aliyepita shule asiyelijua jina lake. Ukizisoma kwa kufuatana, kuna jambo moja linalorudi kutoka kitabu hadi kitabu. Wabaya wa kawaida, wezi na wauaji, ni wachache mno humo. Anayeleta maafa ni mtu mwema: binti anayempenda mama yake, baba anayemlinda mwanawe, rafiki anayetaka kumwokoa rafiki. Anaingia katika maisha ya mwenzake bila kupiga hodi, anapanga, anasafisha, anahamisha, anaokoa, na anapomaliza mtu aliyetaka kumsaidia hayupo tena. Kwa mwandishi aliyeishi chini ya serikali iliyodai kila asubuhi kwamba inamfanyia mwananchi hisani, mada hiyo haikuokotwa njiani.

Szabó alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1917 huko Debrecen, mji wa mashariki mwa Hungaria ambao wenyewe huuita Roma ya Wakalvini. Una chuo cha kidini kilichoanzishwa karne ya 16, na katikati yake limesimama Kanisa Kubwa la rangi ya manjano ambamo mwaka 1849 Lajos Kossuth alitangaza kwamba ukoo wa Habsburg hauna tena haki ya kuitawala nchi. Ni mji wa watu wa kazi na sala, wenye maneno machache na fahari nyingi. Szabó alihama akiwa mtu mzima, lakini Debrecen haikumhama. Miji midogo ya riwaya zake, hata inapopewa majina ya kubuni, ina kengele zake, wachungaji wake, na majirani wake wanaojua kila kitu kuhusu kila mtu.

Baba, Elek Szabó, alikuwa mwanasheria na ofisa wa mji, na alimfundisha binti yake Kilatini tangu utotoni. Mtoto akakua akizijua habari za Troya na Roma kama wenzake walivyozijua hadithi za babu. Mama, Lenke Jablonczay, alikuwa na kipaji cha kusimulia na donda lisilopona: hakulelewa na wazazi wake mwenyewe, alikulia mikononi mwa bibi mkali upande wa baba. Miaka kumi baada ya kifo cha mama huyo, mwaka 1977, Szabó alitoa kitabu kinene kiitwacho Régimódi történet, yaani Kisa cha Kizamani, ambamo alikusanya shajara, barua na madaftari ya hesabu ya familia na kuusimulia ukoo wa mama yake vizazi vitatu nyuma. Anayetaka kuelewa kwa nini wanawake wa riwaya zake ni wagumu namna ile, wanaojifunga mkanda na kuficha machozi, jibu lake limo humo.

Mwaka 1940 alihitimu Chuo Kikuu cha Debrecen katika Kilatini na Kihungaria. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu namna Warumi wa kale walivyojipamba na kuutunza mwili. Kisha akafundisha shule za wasichana za kanisa, kwanza mjini kwao, baadaye Hódmezővásárhely kusini mwa nchi, wakati Ulaya ikiwaka moto. Vita vilipokwisha mwaka 1945 akahamia Budapest, jiji lililokuwa magofu baada ya kuzingirwa na jeshi la Kisovieti, na kupata kazi katika wizara iliyoshughulikia dini na elimu. Mwaka 1947 ulikuwa mwaka wake wa neema: alichapisha diwani ya kwanza, Bárány, yaani Mwanakondoo, na akaolewa na Szobotka. Diwani ya pili ikafuata 1949. Alikuwa karibu na waandishi wa jarida la Újhold, wakiwamo Ágnes Nemes Nagy na János Pilinszky, kizazi cha vijana waliotoka vitani bila imani na kauli kubwakubwa. Jarida lenyewe lilizimwa mwaka 1948, miaka miwili tu baada ya kuanzishwa. Baada ya hapo ikaja tuzo iliyodumu siku moja.

Katika miaka ya kimya aliajiriwa shule ya msingi ya mtaa wa Horánszky, Budapest. Nemes Nagy naye alikuja kuwa mwalimu wa sekondari. Ndivyo ilivyokuwa kwa kizazi kile: washairi bora wa nchi walisahihisha madaftari ya watoto mchana, na usiku waliandika kazi walizozifungia kwenye droo au walifasiri ya wengine. Kuna kundi la waandishi lililochagua njia nyingine, la kutunga beti za kumsifu Rákosi na Stalin, na halikulala njaa. Szabó na wenzake walinyamaza. Kimya chao kinastahili kuhesabiwa kuwa kazi ya fasihi, kwa sababu mwandishi anayekataa kuandika uongo wakati uongo unalipa amekwisha kutoa hukumu yake.

Ndani ya kimya hicho mshairi akageuka mtunzi wa riwaya. Baada ya maasi ya Oktoba 1956 kuzimwa kwa vifaru vya Kisovieti, serikali mpya ya János Kádár ilianza kwa magereza na vitanzi, kisha polepole ikalegeza kamba upande wa utamaduni. György Aczél, msimamizi wa siasa ya sanaa, alijulikana kwa kanuni ya mambo matatu: kazi za kusaidiwa, za kuvumiliwa, na za kupigwa marufuku. Szabó akaangukia upande wa kuruhusiwa. Mwaka 1958 ikatoka Freskó, riwaya ya siku moja tu, siku ya mazishi, ambamo binti mchoraji anarejea katika nyumba ya baba yake mchungaji, nyumba aliyoitoroka miaka mingi nyuma. Mwaka uliofuata ikaja Az őz, yaani Paa, sauti ya mwigizaji maarufu anayesimulia wivu ulioanza utotoni, alipokuwa fukara na mwenzake ana kila kitu. Mwaka huohuo, 1959, akapewa Tuzo ya József Attila, na safari hii hakuna aliyekuja kuichukua. Akaacha kufundisha.

Inasimuliwa kwamba Hermann Hesse, mshindi wa Nobel wa mwaka 1946, aliisoma Freskó na kuwahimiza wachapishaji wa Ujerumani waichukue kazi yake yote, iliyokwisha andikwa na itakayoandikwa. Kwa njia ya Kijerumani, Ulaya ikaanza kumsoma.

Kisha ikaja riwaya ambayo hakuna mtu mwenye mzazi mzee atakayeisoma bila kushtuka. Kwa Kihungaria inaitwa Pilátus, jina la yule liwali aliyenawa mikono, na ilitoka mwaka 1963. Iza ni daktari wa Budapest, mchapakazi, mwadilifu, aliyekuwa upande wa haki tangu wakati wa vita. Baba yake, hakimu mstaafu, anafariki katika mji mdogo. Kabla msiba haujapoa, Iza amekwisha kupanga kila kitu: nyumba itauzwa, mama atahamia jijini, hatateseka tena kuchota maji wala kuwasha moto.

Ukurasa wa kwanza tu unaonyesha ustadi wa mwandishi. Mama yuko jikoni anabanika mkate kwenye makaa. Miaka mitatu kabla, Iza alimpelekea mashine ndogo ya umeme ya kubanika mkate. Mama akaigeuzageuza, akaitazama, akaiweka rafu ya chini kabisa ya kabati na hakuigusa tena. Kabla hatujamwona Iza, tumekwisha kumjua yeye na zawadi zake, na tumekwisha kumjua mama anayeona haya kusema kwamba hakuzihitaji.

Huko Budapest mama anakuta chumba chenye joto, maji ya moto, na mtumishi anayepika. Anakuta pia kwamba vyombo alivyovizoea vimeachwa au vimetupwa, kwa sababu Iza aliona ni uchakavu. Akitaka kupika, anaambiwa apumzike. Akitaka kumsubiri binti yake usiku, Iza anarudi amechoka na anataka kulala. Hakuna neno la ukali linalotamkwa. Hakuna kosa ambalo mahakama yoyote ingeweza kulishika. Mama anaanza kupanda tramu na kuzunguka jiji ili muda upite, kisha anazidi kunyamaza. Anapokwenda mji wa kwao kusimika kaburi la mumewe, msomaji anajua kwamba hatarudi, na Iza peke yake ndiye asiyejua. Mambo haya hayahitaji pasipoti ya Hungaria. Yanatokea popote pale mtoto aliyefanikiwa mjini anapomtoa mzazi shambani kwa mapenzi ya kweli na kumketisha kwenye kochi, mikono mitupu.

Riwaya iliyompa wasomaji wengi kuliko zote, hata hivyo, aliiandika kwa ajili ya vijana. Abigél ilichapishwa mwaka 1970. Inaanza mwaka 1943, Hungaria ikiwa mshirika wa Ujerumani ya Hitler katika vita ambavyo kila mwenye macho anaona vimepotea. Jenerali Vitay anamchukua binti yake wa pekee Gina, msichana wa Budapest aliyezoea dansi na mitindo, na kumpeleka ghafla kwenye shule ya bweni ya Kikalvini katika mji wa mbali. Hamwambii sababu. Wanafunzi huvaa nguo nyeusi, mali zake zote zinachukuliwa langoni, simu inasikilizwa.

Wasichana wa darasa lake wana mila ya siri. Kila mwaka huchukua orodha ya vifaa vya darasani, na kila mmoja huozwa kifaa kimoja kama mume: ramani, meza, kipimajoto. Gina anaangukia kisanduku kitupu cha kufugia samaki. Anaudhika, anawadharau, siri inawafikia walimu, na darasa zima linaadhibiwa. Wenzake wanamtenga, hakuna anayemsemesha. Anajaribu kutoroka. Hapo ndipo baba anapokuja kumweleza ukweli: yeye yumo katika mpango wa maofisa wanaotaka kuiondoa nchi vitani kabla haijateketea, na adui wakimpata binti yake watakuwa wamemshika baba kooni.

Angalia mabadiliko. Msichana aliyekuwa akipigana na kila ukuta sasa anaulinda ukuta huo mwenyewe, kwa sababu mtu mzima mmoja amemheshimu kiasi cha kumwambia kwa nini. Na bustanini mwa shule kuna sanamu ya mawe ya mwanamke aliyeshika mtungi. Wanafunzi wanamwita Abigél. Mwenye shida huandika karatasi, akaitia mtungini, na msaada hufika bila mtu kujua umetoka wapi. Nyuma ya sanamu yupo mtu halisi, na mtu huyo hatatajwa hapa, maana wapo ambao bado hawajakisoma. Inatosha kusema kwamba katika vitabu vyote vya Szabó huu ndio msaada pekee usio na sumu: unakuja ukiombwa, na haudai shukrani.

Mwaka 1978 mwongozaji Éva Zsurzs alikifanya kitabu hicho kuwa tamthilia ya televisheni ya sehemu nne, Éva Szerencsi akiigiza Gina. Vizazi kadhaa vya Wahungaria vimeitazama kila inaporudiwa. Taifa lilipopiga kura mwaka 2005 kuchagua kitabu kinachopendwa zaidi, Abigél ilikuwa kati ya 12 zilizofika hatua ya juu, na riwaya nyingine tatu za Szabó ziliingia katika 100 bora.

Kabla ya Abigél alikuwa ametoa Katalin utca, yaani Mtaa wa Katalin, mwaka 1969. Familia tatu zinakaa nyumba za jirani zenye bustani zilizopakana: mwalimu mkuu, ofisa wa jeshi, na daktari wa meno Myahudi. Watoto wanne wanacheza pamoja. Mwaka 1944 Wajerumani wanaingia, daktari na mkewe wanachukuliwa, na Henriette, binti yao, anauawa kwa risasi bustanini. Katika miezi michache tu ya mwaka huo zaidi ya Wayahudi 400,000 walisafirishwa kutoka Hungaria, wengi wao wakaishia Auschwitz. Szabó haisimulii treni. Anasimulia waliobaki: wanavyozeeka, wanavyooana na kuachana, wanavyoshindwa kuutaja usiku ule, huku mzimu wa Henriette ukiwatembelea na kuwakuta hawamtambui, wala wao wenyewe hawajitambui. Ni kitabu kigumu, na mwanzo wake unachanganya. Anayevumilia kurasa 40 za mwanzo hulipwa.

Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Kossuth, ya juu kabisa nchini. Mwaka 1982 Szobotka akafariki, na mwaka uliofuata mjane akatoa kitabu kuhusu maisha ya mumewe. Kisha, akiwa na miaka karibu 70, akaandika kazi iliyompita yeye mwenyewe.

Az ajtó, yaani Mlango, ilitoka mwaka 1987. Msimulizi ni mwandishi ambaye kifungo cha kutochapishwa kimeondolewa. Kazi zimemzidi, anatafuta mtu wa kumsaidia nyumbani. Anaelekezwa kwa Emerence, bibi mwenye kilemba kichwani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kilemba hicho, msimamizi wa jengo la jirani. Mwenye kuhojiwa katika mkutano wa kwanza ni mwajiri. Emerence anasema ataulizia kwanza tabia za mume na mke hao, maana hafui nguo chafu za mtu yeyote tu. Atajipangia mshahara na saa za kazi. Siku nyingine huja usiku wa manane.

Kipindi cha baridi anafagia theluji mbele ya majengo mengi, na anapomaliza la mwisho, la kwanza limejaa tena. Akisikia jirani anaumwa humpelekea chakula cha moto katika bakuli lake zuri, akaliacha mlangoni. Hatumii kitanda, hulala ameketi kwenye kochi dogo. Mbwa aliyeokotwa na wenye nyumba theluji ikianguka anampa jina la kike, Viola, ingawa ni dume, na mbwa anamtii yeye peke yake. Kuhusu dini hataki kusikia, na sababu yake ni kisa cha vifurushi vya msaada kutoka ng'ambo. Kanisa lilipogawa nguo kwa maskini, Emerence alifika zamu ya mwisho, zimekwisha za sufu na za kujikinga baridi. Wakampa iliyobaki: gauni la karamu lenye vimetameta. Wale kina mama wa kanisa hawakukusudia kumtusi. Yeye hakulisahau tusi hilo maisha yake yote.

Habari zake zinatoka kwa matone. Akiwa mtoto aliona wadogo zake mapacha wakiuawa na radi chini ya mti, na mama yao akijitupa kisimani. Katika nyumba alizotumikia alificha kila aliyewindwa, Myahudi leo, kesho askari wa upande wowote, kwani mbele yake wote walikuwa wanyama wanaokimbizwa. Mtoto mdogo wa matajiri wa Kiyahudi alimwokoa kwa kumpeleka kijijini na kudai amemzaa nje ya ndoa, akala kipigo na aibu kwa ajili hiyo. Anaweka akiba ya kujenga kaburi la fahari la kuwakusanya ndugu zake waliokufa. Na hakuna binadamu anayeruhusiwa kuvuka mlango wake. Wageni huwapokea barazani.

Siku moja anamfungulia mwandishi. Ndani wamo paka tisa aliowaokoa mitaani, na siri hiyo inakuwa agano kati yao. Baadaye Emerence anaugua na kujifungia. Hataki daktari, hataki kuonekana. Jirani wanasikia harufu. Mwandishi, kwa kuwa ndiye pekee anayeaminiwa, anagonga na kumwomba afungue ufa tu. Ufa unafunguka, daktari na wengine wanaingia kwa nguvu, wanamkuta mzee msafi kuliko wote mtaani katikati ya uchafu wake mwenyewe. Mwandishi hakai. Gari la televisheni linamsubiri, kuna mahojiano kuhusu tuzo kubwa aliyopewa, kisha safari ya Athens. Anapomtembelea hospitali anamdanganya: hakuna aliyeona kitu, paka wako salama, nyumba imetunzwa. Ukweli ni kwamba wafukizaji wameteketeza karibu kila kitu. Emerence anaujua ukweli, na hilo ndilo linalomuua.

Katika kurasa za kwanza msimulizi amekiri kwamba alimuua Emerence, naye anaongeza kwamba alikuwa akitaka kumwokoa. Ukubwa wa riwaya uko katika kukataa kuiondoa sentensi yoyote kati ya hizo mbili. Angemwacha, angekufa katika uchafu. Alimwokoa, akafa kwa fedheha. Baada ya mazishi, mwandishi anaingia chumba cha ndani, ambako Emerence alihifadhi samani za thamani za familia ile ya Kiyahudi. Anazigusa, na mbao zilizoliwa na wadudu kwa miaka mingi zinaporomoka na kuwa unga mbele yake.

Szabó alimjenga Emerence kutokana na mwanamke halisi aliyemfanyia kazi, na msimulizi ana jina la Magda na wasifu unaofanana mno na wake. Kutoka kwa mwandishi mwenye tuzo zote za nchi, kujianika namna hiyo ni ujasiri usio wa kawaida. Angeweza kujipamba.

Hakupumzika. Kuanzia 1985 hadi 1990 alishika wadhifa wa juu wa walei katika jimbo la Kikalvini la mashariki mwa nchi, mwanamke katika nafasi iliyozoea wanaume. Mwaka 1990, akiwarudia Warumi aliofundishwa na baba, alitoa A pillanat, riwaya inayoupindua utenzi wa Virgil: Creusa, mke ambaye katika kisa cha kale hupotea Troya ikiungua, hapa anabaki hai na kuchukua nafasi ya mumewe Aeneas. Mwaka 2002 ikaja Für Elise, kuhusu utoto wake, ikanunuliwa kwa wingi. Tarehe 19 Novemba 2007, wiki chache baada ya kutimiza miaka 90, alifariki nyumbani Kerepes, nje ya Budapest, akiwa anasoma kitabu.

Dunia nje ya Ujerumani ilichelewa kumpokea. Ufaransa ilimpa Tuzo ya Femina ya kigeni mwaka 2003 kwa Mlango, katika tafsiri ya Chantal Philippe. Kwa Kiingereza kazi kubwa ilifanywa na Len Rix, mzaliwa wa Zimbabwe aliyesoma chuo huko kabla ya kwenda Cambridge, ambaye alijifunza Kihungaria ukubwani. Tafsiri yake ya Mlango ya mwaka 2005 ilipata Tuzo ya Oxford-Weidenfeld mwaka uliofuata. Ilipochapishwa upya New York mwaka 2015, gazeti la New York Times liliiweka kati ya vitabu kumi bora vya mwaka, miaka minane baada ya mwandishi kuzikwa na 28 tangu kitoke Budapest. Kabla ya hapo, mwaka 2012, István Szabó, mwongozaji ambaye hana undugu naye ingawa wana jina moja, alikwisha kukifanya filamu, Helen Mirren akiwa Emerence na Mjerumani Martina Gedeck akiwa mwandishi. Rix aliendelea: Mtaa wa Katalin, Abigél mwaka 2020, kisha Paa mwaka 2023. Kisa cha Iza kilifasiriwa na mshairi George Szirtes, aliyeondoka Budapest na wazazi wake akiwa mtoto baada ya maasi ya 1956.

Wengi huanza na Mlango kwa sababu ndiyo yenye sifa. Anayetaka kumjua Szabó vizuri zaidi aanze na Iza na mama yake, kisha asome Abigél, hata kama umri wa kusoma vitabu vya vijana umempita. Akifika kwa Emerence baada ya hapo, atamtambua tangu swali lake la kwanza kwa mwajiri.